Faili za mkono au rotari kwenye meno ya utoto?

Sisi tunaotibu meno ya watoto tuna mjadala mmoja hauishi, tusafishe mizizi ya jino la utoto kwa faili za mkono, vile visindano vyembamba vya kukwangulia ndani ya mzizi, au kwa faili zinazozungushwa na mashine, yaani rotari. Mimi natumia zote mbili na nina upande wangu, ngoja niuseme.

Kwanza wazazi mnielewe, jino la utoto nalo lina mizizi na mishipa ndani, na likioza mpaka huko mtoto halali usiku. Wengi wanaambiwa ling'olewe tu, si litatoka lenyewe. Jamani, gego la pili la utoto linakaa mpaka miaka 10 hadi 12 hivi! Ukiling'oa mtoto akiwa na miaka 5, gego la kudumu linaloota nyuma yake kwenye miaka 6 linasogea mbele na kula ile nafasi, halafu jino lililokuwa liote pale linakosa pa kutokea. Ndo maana tunahangaika kuliokoa.

Sasa mizizi ya gego la utoto ni myembamba, imepinda na imetanuka, maana katikati yake ndo jino la kudumu linajijenga. Mfereji wa ndani mara nyingi sio duara, ni bapa kama utepe, na ukuta wake unaotazama kwenye panda ya mizizi ni mwembamba mno, ukikwangua kwa nguvu hapo unatoboa.

Faili ya mkono ya chuma unaingiza mpaka kile kiraba kidogo cha kupimia urefu kiguse jino, unazungusha robo, unavuta, unafuta ule unga mweupe uliogandia, unasuuza, unapanda saizi, unaanza tena, na gego la chini lina mifereji mitatu mpaka minne. Uzuri wake vidole vinasikia, ikigoma unajua imegomea wapi. Ila saizi zikipanda chuma kinakuwa kigumu na kinataka kunyoosha mfereji uliopinda.

Rotari ni nikeli na titani, inapinda na kufuata mzizi. Watafiti akina Barr kule Marekani waliandika kuhusu kuitumia kwenye meno ya utoto mwaka 2000, kwa faili za watu wazima ambazo ni ndefu kwa mdomo wa mtoto, baadaye India wakatoa faili ya rotari iitwayo Kedo-S, urefu milimita 16 tu, imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba rotari inaokoa muda. Lakini ukija kwenye swali la jino kupona na kukaa, tofauti na mkono sio kubwa.

Kwangu mimi huo muda ndo hoja yenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka 4 hakupi muda wote unaoutaka, akishachoka anageuza kichwa, anafunga mdomo, na kazi ya mwisho unaifanya kwa haraka, na hiyo ya mwisho ndo kujaza dawa. Kwa hiyo rotari ikiwepo naichukua. Ila tusidanganyane kwamba mashine ndo inasafisha, inazunguka katikati, kingo za ule utepe haizifikii. Kule inafika dawa ya kusuuzia, sodiamu haipokloraiti, ile ile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe lakini iliyozimuliwa, unaisukuma taratibu sana isipite ncha ya mzizi. Anayeruka kusuuza kwa sababu mashine imemaliza mapema, anaacha uchafu ndani.

Faili za rotari ni ghali, na ukizirudia sana zinachoka, zinakatikia ndani ya mzizi. Kama bajeti ya kliniki hairuhusu kuzibadilisha kwa wakati, bora faili mpya za mkono kuliko rotari iliyochoka. Na eksirei ikionyesha mizizi imeshayeyuka sana, hapo hakuna cha mkono wala mashine, ng'oa na umwekee mtoto kishikilia nafasi.

Wazazi, kituo chenu kikiwa hakina rotari msikate tamaa mkakubali jino ling'olewe. Ulizeni tu kama wanasafisha mizizi ya watoto, na kama wakimaliza wanavalisha jino kofia ya chuma.