Titi Gumu la Siku ya Tatu

Mtoto alikuwa na siku tatu alipoletwa kwenye kituo chetu cha afya huko Kadutu, Bukavu. Mama yake, uzazi wake wa kwanza, alitembea amenyoosha mikono mbali na kifua. Nyuma alikuja mamamkwe na biberoni mpya, chupa ya kumnyweshea mtoto maziwa, mfukoni.

"Mama muganga, maziwa hakuna," alisema mama wa mtoto. "Mtoto anashika, anateleza, analia."

Akafungua kikwembe. Matiti yalikuwa yamejaa hadi ngozi inang'aa, magumu mpaka kwapani, chuchu zimelala. Homa hakuna, wala sehemu nyekundu upande mmoja, basi halikuwa jipu. Niliuliza habari za kujifungua: uchungu wa muda mrefu, serumu (dripu) nyingi. Hapo jambo likaeleweka. Maji ya serumu hubaki mwilini siku kadhaa na kujaa pia chini ya ile duara nyeusi ya titi. Maziwa mengi nayo hufika kati ya siku ya pili na ya nne, uvimbe juu ya uvimbe. Mtoto anahitaji kujaza kinywa chake na duara hiyo. Ikiwa ngumu, anapata ncha ya chuchu tu. Ncha inauma na kupasuka, maziwa hayatoki, na titi linalokaa limejaa hupunguza lenyewe kutengeneza. Ndiyo maana naumia kila ninaposikia "hana maziwa" akiambiwa mwanamke ambaye maziwa yanamfunga kifua.

Tulimpima mtoto: gramu 2,890, kutoka 3,100 za kuzaliwa. Amepungua karibu asilimia 7, kiasi ambacho watoto wengi hufikia. Lakini kinyesi kilikuwa bado cheusi kabisa, na siku ya tatu kinapaswa kuanza kugeuka kijani. Alikuwa anapata kidogo mno.

Mamamkwe alikuwa ameanza kukanda matiti kwa nguvu, kwa kitambaa cha moto sana. Joto la dakika chache kabla ya kunyonyesha linasaidia. Likikaa muda mrefu linaongeza uvimbe, na kukanda kwa nguvu kunaumiza nyama ya ndani. Nikamwomba, "Koko, utusaidie mgongoni." Akasugua pande mbili za uti wa mgongo, toka shingoni kushuka, na mabega ya mama yakalegea. Mama akitulia, oksitosini, homoni inayosukuma maziwa nje, hufanya kazi vizuri zaidi.

Alilala chali kidogo ili maji ya uvimbe yarudi nyuma. Nikamwonyesha kuweka ncha za vidole vya mikono yote miwili kuzunguka shina la chuchu, kusukuma moja kwa moja kuelekea mbavu, na kushikilia kama dakika nzima bila kupumzika. Vidole vikiondoka, vishimo vinabaki. Anavihamisha kidogo, anarudia, mpaka duara yote imelainika. Hatua hii ndiyo watu huiruka, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote.

Kisha kukamua: kidole gumba juu, vingine chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu. Sukuma kwenye mbavu, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Mwanzoni hapakutoka kitu, halafu matone ya njano, halafu mchirizi ndani ya kikombe kilichochemshwa. Mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza, hivyo tulimpa hayo kwanza: ameketishwa wima, ukingo wa kikombe juu ya mdomo wa chini, maziwa yakigusa tu mdomo ayalambe mwenyewe. Ukimmiminia anaweza kupaliwa.

Alipotulia tukamgeuza tumbo kwa tumbo na mama, sikio, bega na nyonga mstari mmoja, pua mbele ya chuchu. Tukangoja apanue kinywa kabisa ndipo mama akamvuta kwake, akimshika mabegani. Ukimsukuma kichwa, anakaza shingo na kukataa. Mara ya kwanza mashavu yalibonyea na ulimi ukalia. Mama akapitisha kidole pembeni mwa mdomo kuvunja mvuto, akaanza upya. Safari hii kidevu kilizama kwenye titi, mdomo wa chini ukapinduka nje, na tukasikia anameza.

"Koko, biberoni ingoje," nilisema. Maziwa ya kopo yangeshibisha tumbo, titi likabaki limejaa, na uvimbe ungeendelea. Akairudisha mfukoni bila ubishi.

Waliondoka na maagizo: mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia, kitambaa baridi baada ya kunyonyesha, kukamua kidogo tu titi likiendelea kuuma, kurudi haraka homa ikipanda. Kesho yake kinyesi kilikuwa kijani kinachoelekea njano. Titi la kushoto liliendelea kuwa gumu, na mama alilibonyeza kabla ya kila kunyonyesha hadi uvimbe ulipoisha.