Vichujio vya barua pepe kwenye seva: sieve-connect na mitego yake

Kichujio ulichokiweka kwenye Thunderbird hufanya kazi pale tu kompyuta ikiwa imewashwa. Ukiizima, simu inakuletea barua zote zikiwa zimerundikana pamoja. Sieve, lugha ya kuandikia sheria za kupanga barua, huondoa tatizo hilo kwa sababu sheria zinakaa kwenye seva, na barua inapangwa kwenye folda yake wakati inapowasilishwa. Lugha yenyewe imeelezwa kwenye RFC 5228 (RFC ni hati za viwango vya intaneti). Njia ya kupakia na kuwasha skripti ni ManageSieve, RFC 5804 ya mwaka 2010, kwenye poti 4190. Miongozo ya zamani bado inataja poti 2000, usiifuate.

Kwa wanaopenda terminali, chombo ninachokipendekeza ni sieve-connect cha Phil Pennock, kilichoandikwa kwa Perl. Kwenye Debian ni `apt install sieve-connect`, basi. Skripti ibaki faili kwenye kompyuta yako, ikiwezekana ndani ya git (chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya faili), na kwenye seva iende nakala tu.

Tuanze na skripti fupi, `barua.sieve`:

```
require ["fileinto", "mailbox"];

if header :contains "list-id" "debian-user" {
    fileinto :create "Orodha";
    stop;
}
if address :domain :is "from" "example.org" {
    fileinto :create "Kazi";
}
```

`require` lazima itangulie amri nyingine zote. `:create`, inayounda folda ikiwa haipo, inahitaji "mailbox", wengi huisahau. Angalia pia `stop`. Ukiitoa, barua ya orodha iliyotumwa na mtu wa example.org itaingia Orodha, kisha itaendelea hadi sheria ya pili na kuingia Kazi pia. Utaiona mara mbili na kudhani seva imeharibika.

Pakia, washa, kisha hakiki:

```
sieve-connect -s mail.example.org -u asha --localsieve barua.sieve --remotesieve barua --upload
sieve-connect -s mail.example.org -u asha --remotesieve barua --activate
sieve-connect -s mail.example.org -u asha --list
```

Jina la upande wa seva nimeliacha bila `.sieve` makusudi, maana Dovecot (programu ya seva inayotunza masanduku ya barua) huongeza kiambishi hicho yenyewe inapohifadhi faili.

Seva hukagua sarufi wakati wa kupakia. Skripti yenye kosa inakataliwa na ile ya zamani inabaki kama ilivyokuwa, kwa hiyo huwezi kujiharibia kwa nukta-mkato iliyosahaulika. Ila ukiambiwa kosa liko mstari wa 3, tazama na mstari uliotangulia: nukta-mkato ikikosekana, seva huigundua inapokutana na neno linalofuata.

Muunganisho ukigoma, kumbuka kwamba poti 4190 huanza bila usimbaji, ndipo STARTTLS, amri ya kuwasha usimbaji wa TLS, ifuate. Programu inayotaka TLS tangu mwanzo itakwama. Jaribu hivi (OpenSSL 1.1.1 kwenda juu):

```
openssl s_client -connect mail.example.org:4190 -starttls sieve
```

Ukitumia anwani ya IP badala ya jina, cheti kwa kawaida kitakataliwa.

Sasa tuje kwenye lalamiko kubwa: skripti imewashwa, lakini hakuna kinachotokea. Mtuhumiwa wa kwanza ni webmail. Roundcube na nyinginezo huandika skripti yao wenyewe, na ManageSieve huruhusu moja tu iwe hai kwa wakati mmoja. Mtu akiwasha ujumbe wa likizo kwenye kivinjari, yako inaweza kuzimwa kimyakimya. `--list` itakuonyesha ipi iko hai. Mtuhumiwa wa pili ni njia ya uwasilishaji. Dovecot huendesha Sieve barua inapopita kwenye LMTP au dovecot-lda (njia zake mbili za kuingiza barua sandukuni), tena plagi ya sieve ikiwa imewashwa huko. Kama Postfix, programu inayopokea na kusafirisha barua, inaandika barua moja kwa moja kwenye Maildir (saraka ya barua kwenye diski), utapakia skripti hadi kesho na haitasomwa. Hapo ni kazi ya msimamizi wa seva. Wa tatu ni jina la folda: seva nyingine zinataka `INBOX.Kazi`, si `Kazi`.

Amri mbili zinahitaji uangalifu wa pekee. `redirect` hupeleka barua kwingine bila kukuachia nakala. Ukitaka ibaki, ongeza "copy" kwenye `require` na uandike `redirect :copy`. Nayo `vacation` haijibu barua ambayo anwani yako haimo kwenye To au Cc, jambo zuri kwa sababu linazuia kujibu orodha nzima. Lakini kama una anwani za ziada, zitaje kwa `:addresses`, la sivyo wanaokuandikia huko hawatapata jibu.

Ukiwa na ruhusa ya kuingia kwenye seva yenye Pigeonhole (nyongeza ya Dovecot inayoendesha Sieve), usijaribu kwa barua halisi. Hifadhi barua moja kama faili, kisha:

```
sieve-test -t - -Tlevel=matching barua.sieve mfano.eml
```

Utaona kila sharti lililinganishwa na nini, na barua ingeishia folda gani.

Barua zilizokwisha ingia zamani hazitaguswa na skripti mpya. Kwa hizo kuna `sieve-filter`, ambayo bila `-e` huigiza tu na kukuonyesha ingefanya nini. Soma matokeo yote kwanza, ndipo uendeshe `sieve-filter -e -W -u asha barua.sieve INBOX`, `-W` ndiyo inayoiruhusu kuziondoa barua kwenye folda ya chanzo.