Mgonjwa Asipoelewa Neno, Mwili Wake Ndio Hulipa

Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi, na kadiri ninavyoendelea nayo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kuheshimu lugha na mila za mgonjwa ni sehemu ya usalama wa mionzi yenyewe, wala si adabu ya ziada ya kutolewa muda ukiruhusu. Eksirei ya kifua humtaka mgonjwa avute pumzi, aizuie na atulie tuli. Asipoelewa maneno hayo akapumua katikati, picha hutoka na ukungu, hurudiwa, na mwili wake hupokea mionzi mara mbili kwa jibu lile lile moja.

Ni kweli kwamba dozi ya picha hiyo ni ndogo, kwa kawaida haifiki hata milisiveti 0.1 (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi ambayo mwili umepokea), ilhali mionzi ya asili peke yake humpa binadamu wastani wa takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka. Lakini skani ya CT ya tumbo, ambapo kompyuta huunganisha eksirei nyingi kuonyesha mwili vipande vipande, yaweza kukaribia milisiveti 10, na hapo kurudia si jambo dogo. Sisi wafanyakazi tumewekewa kikomo, wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mgonjwa hana kikomo cha namna hiyo. Kinga yake ni kwamba kipimo kiwe na sababu ya kitabibu, na mionzi itumike kwa kiasi kile tu kinachotosha kutoa jibu.

Siku moja nilimuuliza mwanamke kama ana ujauzito huku mama mkwe wake amesimama kando yetu. Alijibu upesi kwamba hana, macho yakiwa sakafuni. Jibu lile halikunituliza, nikamwomba mwenzangu wa kike aende naye kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kumuuliza upya. Huko ndiko aliposema kwamba siku zake zimechelewa na hakutaka jamaa zake wajue kabla yeye mwenyewe hajawa na hakika. Daktari alipoarifiwa aliamua kutumia altrasaundi, ambayo haina mionzi ya namna hiyo. Swali langu lilikuwa la lazima, ila nililiuliza mahali pasipofaa, na kosa hilo lilikuwa langu. Kwa sababu hiyo hiyo sikubali mtoto amtafsirie mama yake maswali ya hedhi, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Kuhusu mavazi, tatizo ni chuma: pini, vifungo au kitu cha imani kilichovaliwa shingoni huweka kivuli kinachoweza kuficha ugonjwa au kudhaniwa kuwa ugonjwa. Nguo nyepesi isiyo na chuma mara nyingi haina haja ya kuvuliwa, na kitu cha imani chaweza kusogezwa tu, mradi mwenyewe aelezwe sababu na akisogeze kwa mkono wake.

Wapo pia wanaohofia kwamba mionzi ya eksirei itabaki mwilini. Huwaeleza, bila kuwacheka, kwamba hukoma mara tu mashine inapoacha kuitoa. Kisha, kabla sijaenda nyuma ya kioo, tunafanya mazoezi ya pumzi pamoja: nainua mkono, tunavuta, nakunja ngumi, tunazuia, naufungua, tunaachia. Akiweza mara mbili mfululizo bila mimi kutamka neno, ndipo ninapokwenda kupiga picha.