Wale wa UPE

Tangu Jumamosi tulipokwenda kuposa, neno la mzee mmoja wa ukweni halijanitoka. Posa ya mdogo wangu imepokelewa, mahari tumeelewana, na Jumanne barua ya uhamisho ikanikuta kazini: natoka wodi ya watoto, nakwenda wodi ya wazazi. Yote hayo yamepita nikiwa nusunusu, kwa sababu kichwani nayarudia mazungumzo ya dakika moja, pale ukoo wetu ulipokuwa ukitambulishwa.

Baba mkubwa alipofika kumtaja mama alisema, "Mama wa kijana alikuwa mwalimu, ameshatutangulia." Mzee wa upande wa pili akanigeukia mimi niliyekaa jirani yake.

"Alikuwa wa sekondari?"

"Hapana mzee, shule ya msingi."

"Alisomea chuo gani?"

"Alianzia hukohuko kijijini, kwa mpango wa UPE, ule wa elimu ya msingi kwa wote."

"Ahaa. Wale."

Akavuta bakuli lake la supu. Wawili watatu wakacheka chinichini. Aliyekwenda kuposa hajibizani na wazee wa ukweni, kwa hiyo nikaitikia "Ndiyo, mzee," basi.

Tangu hapo namjibu kila mahali. Namjibu kwenye daladala, namjibu nikipanga dawa za zamu ya usiku. Namwambia: mzee wangu, hao "wale" walichukuliwa kwa sababu nchi ilikuwa na haraka. Novemba 1974, pale Musoma, chama tawala, TANU, kiliamua kwamba lengo la kumfikisha kila mtoto darasani, lililokuwa limepangiwa mwaka 1989, lifikiwe 1977. Wanavijiji wakafyatua matofali, madarasa yakasimama, walimu hawapo. Ndipo wakaitwa vijana waliomaliza darasa la saba, na mmoja wao alikuwa binti wa miaka 17 kutoka milima ya Njombe. Asubuhi anafundisha wadogo, mchana anakaa yeye dawatini mbele ya mkufunzi, jioni anasikiliza vipindi vya redio. Miaka 3 hivyo, kisha wakapelekwa chuoni kwa muda mfupi kumalizia.

Ndiyo, madarasa yalifurika na vitabu vilikuwa haba. Wapo waliofika darasa la saba wanasoma kwa kubabaisha, na mama mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo kwenye vikao vya walimu. Lakini sijui ni kwa nini nchi iliyomwita rais wake wa kwanza Mwalimu kwa heshima ile haichoki kuwatungia walimu wake majina. Baada ya "wale wa UPE" wakaja "yebo yebo", kisha "vodafasta". Kila kizazi cha walimu waliosukumwa darasani kwa haraka kinabebeshwa lawama ya haraka isiyokuwa yake.

Na mzee hakumwona mama akiwa na darasa la kwanza. Watoto wa kwetu walifika shule wanajua Kibena tu. Alikuwa akipanga mezani gunzi, jiwe, jembe, kibuyu, mtoto anashika kitu kwanza, anakitaja kwa Kiswahili, ndipo herufi inaandikwa ubaoni. Anayeandika kwa mkono wa kushoto hakuchapwa wala kulazimishwa kubadili. Alimkalisha mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, kisha anamlazia daftari mshazari kidogo. Nani alimfundisha hilo? Sidhani kama liliandikwa popote. Aliangalia watoto, basi.

Baadaye serikali ilipowataka walimu wa madaraja ya chini wajiendeleze hadi daraja la IIIA, alianza upya na mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia asiyesoma sekondari njia ya mtihani wa kidato cha nne, wenyewe wanauita QT. Nilikuwa darasa la tano. Meza moja, taa ya chemli moja, mimi na hesabu zangu za sehemu, yeye na baiolojia yake ya sekondari. Akikwama hesabu aliniambia nisimsaidie, aliniomba nikae kimya tu nisiondoke. Alama zake za kwanza zilipotoka, baba alichinja jogoo.

Leo asubuhi nikiwa nakunja nguo nilifika tena kwenye meza ile, na hasira yote ikanyauka. Nikakumbuka barua yangu ya kwanza kutoka bweni, kidato cha kwanza, nimejaza kurasa mbili za kilio: maharage yana wadudu, nataka kurudi nyumbani. Alinijibu kwa upole kabisa, akanitaka nivumilie hadi likizo. Ndani ya bahasha ileile kulikuwa na barua yangu mwenyewe, imesahihishwa kwa wino mwekundu, koma na herufi kubwa kila panapostahili, na chini yake: "Umeeleza vizuri. Usisahau aya." Nililia siku ile kwa hasira. Leo nimecheka peke yangu chumbani hadi mtoto akaja kuuliza kuna nini. Hakuna chuo kilichomfundisha huyu mwanamke kusoma machozi ya mtoto wake na nukta zake kwa pamoja. Natamani anisahihishie na hii.

Yule mzee tutakutana tena kwenye kikao cha harusi, na nitamwamkia vizuri. Nitakaa karibu naye kwa makusudi. Akiuliza tena habari za mama, nitamwanzia pale kwenye gunzi na kibuyu.

Kinachoninyima usingizi sasa ni baba. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, hilo tunalijua tangu mwaka jana, lakini jirani amenipigia jana kwamba la kushoto nalo limeanza kufifia na bado anakwea kwenda kwenye shamba la miti ya miwati peke yake na shoka. Anasema atakwenda hospitali viazi vikishavunwa. Kaka, ukisoma hapa nipigie leo, kabla sijaingia zamu.