Ovari kwenye chupa ya chai

Saa kumi na moja alfajiri niko machinjioni, mkononi chupa ya chai. Siku za mwanzo wachinjaji waliniuliza maandazi yako wapi. Ndani hamna chai, ni maji ya chumvi ya vuguvugu ya kubebea ovari za ng'ombe, yaani viungo vinavyotunza mayai ya uzazi.

Maabara nafyonza mayai kwa sindano, yanakomazwa kama saa 24 kwenye inkubeta, kabati la joto, la nyuzi 38.5, kisha yanakutanishwa na mbegu za dume. Mayai yaliyorutubishwa, yaani viinitete, yanakaa kwenye tone dogo la chakula, juu limefunikwa mafuta lisikauke. Oksijeni tunaishusha hadi 5%, maana hata tumboni mwa ng'ombe ni kidogo, ikizidi inaviumiza.

Siku ya saba ndiyo naipenda: kwenye hadubini unaona kiinitete kimekuwa kiputo cha maji na kibonge cha seli pembeni. Theluthi ya mayai ikifika hapo, nashukuru Mungu.

Juzi, siku ya tano, umeme ukakatika Mwanza usiku, jenereta nayo ikagoma. Nikaizungushia inkubeta blanketi langu. Asubuhi nyuzi 31, seli nyeusi, zimesinyaa.

Mama, mfugaji wa Magu, akaniambia kwenye simu: "Pole mwanangu. Kwani madume yameisha?"