Jioni ya kuhesabu mfuko wa jumuiya

Mwaka 2006 nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ya kanisa, Bukoba mjini. Nyumba 14, kila moja ikitoa shilingi 1,000 kila Alhamisi kwa ajili ya wagonjwa na misiba. Kasha la bati lilikaa chumbani kwangu, na ufunguo nilitembea nao. Kosa lilianzia hapo, kabla sijagusa hata senti: mtu yuleyule alipokea, akaandika, akatunza, akajihesabia.

Januari karo ya mwanangu ilipungukiwa shilingi 60,000. Nikazitoa kwenye kasha, nikijiambia mwisho wa mwezi nitarudisha. Mshahara ukaja, ukaisha. Februari hata jina la mkopo sikulitumia tena. Kila Alhamisi tuliungama pamoja kwamba tumekosa kwa mawazo, maneno na matendo, nami sauti yangu ilisikika. Toba ya pamoja ina mahali pake katika ibada, lakini mtu aweza kujificha humo miaka mingi.

Jumanne moja ya Machi, jioni, alikuja mama mmoja, mzee wa kanisa, aliyelelewa katika uamsho ule wa Kikristo, wa kuungama dhambi waziwazi, uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Alikuja peke yake. Mathayo 18 ndivyo inavyoagiza: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Sisi mara nyingi tunaanzia mwisho. Jambo la ndugu linatajwa kwenye maombi, "tumkumbuke fulani," naye mwenyewe hajaulizwa.

Hakuniuliza naendeleaje kiroho. Swali hilo kila mtu ana jibu lake tayari: namshukuru Mungu. Alisema, "Mwanangu, lete kasha na daftari, tuhesabu."

Tukapanga noti kwa thamani zake. Za 10,000 zilikuwa tisa, za 5,000 kumi, za 1,000 kumi na nne. Jumla 154,000. Daftari lilisema 214,000. Akaanza kuhesabu upya, polepole sana. Naamini alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Nikasema.

Hakunikemea, wala hakuniambia si kitu. Aliuliza mambo matatu: ni kiasi gani hasa, tangu lini, na nani mwingine anajua. Hilo la tatu lilinitoa machozi, kwa sababu mke wangu hakujua. Akaniagiza nimwambie usiku uleule, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha akafungua habari ya Zakayo, ambaye toba yake ilikuwa na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa naye. Tukaandika 20,000 kila mwisho wa mwezi, miezi mitatu, nikilipa mbele yake na mzee mwingine.

Alhamisi nikasimama. Hapa ndipo wengi huharibu. Mmoja ataeleza shida zake mpaka toba igeuke utetezi. Mwingine atafichua na ya wenzake. Mama alikuwa ameniasa nitaje dhambi yangu tu, karo nisiiguse. Nikataja kiasi, mwezi na mpango wa kulipa, nikaketi. Wakaimba, wakanipa mkono. Ndugu mmoja aliondoka bila kunipa wake, na alikuwa na haki: mama yake aliugua Februari, na msaada wa jumuiya nilimcheleweshea mimi.

Uhazini nilivuliwa siku hiyohiyo, ilivyostahili. Kasha likawekewa kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasiotoka nyumba moja. Wawili hao wahesabu pamoja, waandike idadi ya kila noti, watie sahihi, na jumla isomwe kwa sauti kabla ya sala ya kufunga. Kazi yote dakika tano.

Mwisho wa Mei nililipa noti mbili za mwisho. Jumanne iliyofuata mama alikuja tena, akaketi kiti kilekile, akaomba tumwoneshe daftari la matumizi ya nyumbani. Mke wangu ndiye aliyelileta.