Kidole Kilichoungua Bila Kuuma

Tulikuwa tunakaanga korosho uani kwa mama, mimi nasimulia bei za mnadani, mara mdogo wangu akapiga kelele: "Kaka, kidole!" Mafuta ya maganda yalikuwa yamerukia kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kulia na ngozi inabanduka. Mzaliwa wa Mtwara hahitaji kuelezwa mafuta yale yanavyounguza. Mimi sikuhisi kitu. Na vidole hivyohivyo ndivyo vilivyokuwa vikiwaka moto usiku, kutoka ndani, nikalala nimekaa.

Miezi minne kabla, pikipiki ilinitelezea kwenye mchanga, pale barabara ya Newala inapoteremka kuelekea Masasi. Bega lilitangulia chini, kichwa kikaenda upande mwingine. Hospitali niliyopelekwa ilipiga picha, ikaona mtulinga umevunjika, ikanifunga. Na mkono usioinuka? "Utarudi wenyewe." Mtulinga ukaunga vizuri tu. Mkono ukabaki unaning'inia. Fundi wa viungo akausugua kwa mafuta ya nazi wiki nzima. Huyo simlaumu, hakuwahi kujiita daktari.

Baada ya kidole kuungua tulikwenda kwa daktari mwingine, Mtwara mjini. Mkono hakuugusa. Alinisogeza dirishani akanitazama usoni, kisha akamuuliza mama, "Jicho hili la kulia lilikuwa hivi tangu zamani?" Kope ilikuwa imeshuka kidogo, na mboni ni ndogo kuliko ya kushoto. Mama alidhani ni kukosa usingizi.

Akaniambia nifumbe macho. Akapitisha pamba, kisha ncha ya pini, kuanzia begani hadi kiganjani. Akagonga kwa kidole juu ya mtulinga. "Inapiga shoti kwenda mkononi?"

"Hapana, daktari."

Nilidhani hilo ni jibu zuri. Akachukua kadi yangu, akachora nyuma yake mistari mitano inayotoka shingoni, ikisukana na kuachana kama mizizi ya mikoko ya Mikindani. Ndiyo mishipa ya fahamu ya mkono. Ingekatika njiani ingeweza kuungwa, na pengine ile shoti ningeisikia. Yangu ilionyesha imeng'oka kwenye uti wa mgongo, na kope ndiyo iliyomshtua. Kisha akasema jambo lililomfanya mama ashike meza: msuli ukikaa mwaka, mwaka na nusu bila mshipa, hauamki tena. Sisi tulikuwa tumeshapoteza miezi minne kwa kusubiri urudi wenyewe.

Mwezi uliofuata nilipasuliwa Dar es Salaam. Walichukua mishipa mitatu ya katikati ya mbavu wakaiunganisha na ule wa msuli unaokunja kiwiko. Kuhusu vidole walituambia wazi: tusivitegemee. Mshipa huota kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo mama akatundika kalenda jikoni akawa anafuta siku kwa mkaa. Zoezi langu lilikuwa kuvuta pumzi ndefu huku nikiwaza kiwiko. Nilijiona mjinga, mtu mzima nahema mbele ya kioo.

Miezi saba, hakuna.

Jioni moja tunakula ugali wa muhogo, mwiba wa samaki ukanikwama. Nikakohoa. Mkono uliokuwa umelala pajani ukajikunja, kidogo tu, ukarudi. Nilidhani nimeutikisa mwenyewe kwa kiwiliwili. Mama akaweka tonge chini.

"Kohoa tena, baba."